Babu Alipokosa Mate ya Kubariki

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka ulimi wangu wenyewe unakauka. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mimi kidato cha nne, wewe cha kwanza. Hapa bwenini Iringa huo ni uzee tosha, mvi zitanikuta mbele.

Sisi ni Wasukuma wa Ubaruku, bonde la Usangu. Babu alishuka huko na ng'ombe kutoka Usukumani kabla baba hajaoa. Kwetu mtu haondoki nyumbani hivihivi: mzee anamtemea mate kifuani, kidogo tu, na kumtamkia mema. Siku hiyo dada yangu Minza alikuwa anakwenda Mbeya mjini kusomea unesi. Bila mate ya babu, hapandi gari.

Babu alikuwa mvutaji. Alisokota tumbaku kwa karatasi za daftari langu la hesabu, na kusema kweli daftari lile halijawahi kupata kazi bora zaidi. Ugali ulikuwa haushuki mpaka ausukume kwa maji. Meno yalicheza kama vigingi vya zizi bovu, na chini ya ulimi alikuwa na kidonda. Tulimsihi aende hospitali. "Cha mdomoni kinapona chenyewe," alijibu. Sikio la kufa halisikii dawa, na la babu lilikuwa na nta juu yake.

Basi Minza akapiga magoti. Babu akakusanya mashavu, akatafuna hewa. Kukavu. Akajaribu tena. Mdomo wangu huu ukaniponyoka: "Babu, nikuletee ndimu?"

Watu wakacheka, hata yeye. "Nyamaza, we mtoto. Kisima hakijakauka." Akajikakamua, akatema.

Ikatoka damu, nzito, kwenye blauzi nyeupe ya Minza.

Babu akajaribu kuifuta kwa kiganja, akaipaka zaidi. "Hii siyo, mama," akamwambia Minza. "Hii siyo niliyotaka kukupa."

Minza alipanda gari pamoja naye, wakaenda moja kwa moja hospitali. Ilikuwa saratani, imeshaingia kwenye taya. Siku za mwisho Minza alimwinamia kitandani. Babu akachezesha midomo, hakikutoka kitu, wala neno. Tulimzika. Dada yangu anasoma mpaka leo bila kutemewa.

Sasa sikiliza, wewe unayejificha nyuma ya choo na kipisi cha sigara. Mate ndiyo yanaosha meno, yanalainisha tonge, yanapigana na vijidudu. Moshi unayakausha, fizi zinaoza taratibu, na sumu yake inakula nyama ya kinywa. Pipi ya mnanaa inamdanganya mwalimu wa zamu, fizi haidanganyiki. Ukiona kidonda hakiponi, kimbia hospitali, aibu iache nyuma. Ila kwanza, zima hicho.

Mungu akuzeeshe na kinywa chenye maji, mwanangu, na mjukuu akipiga magoti mbele yako, uwe na cha kumpa.