Mbwa wa Mkwe Wangu Juu ya Ngazi

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na nilikaa juu ya duka hilo hilo. Kazi chini, kitanda juu. Wenzangu walimaliza kidato cha nne wakaenda Nairobi na Nakuru; mimi nilimaliza nikapanda ngazi. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba ameolewa na kobe, ila kobe mara moja moja huonekana barabarani. Sikumbishia. Kubishana nako kunataka mtu atoke nje.

Jumba lenyewe lilikuwa la ghorofa moja. Maduka yalikuwa chini, vyumba vya wapangaji juu, vyote vikifungukia korido moja ya saruji. Mwisho wa korido palikuwa na ngazi ya kuteremkia uani, kwenye bomba na choo. Ngazi ilikuwa hiyo moja tu. Chumba cha karibu nayo kilikaa kitupu kwa muda, kisha akahamia mzee mnunuzi wa ngozi kutoka pande za Nyacheki, mtu aliyekuwa amefiwa na mkewe. Alikuja na kitanda, sufuria, marobota ya ngozi kavu za ng'ombe na mbuzi, na mbwa wawili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi mwenye sikio lililokatika. Mbwa hao hawakujua kamba. Kazi yao ilikuwa kulinda ngozi zilizoanikwa koridoni, na mahali walipopapenda pa kulindia ni juu ya ngazi, pale pale mtu anapotaka kukanyaga.

Siku aliyohamia nilimkaribisha chai. Kama kawaida ya kwetu, kabla maji hayajachemka tulikuwa tumeshaulizana nyumbani ni wapi, ukoo gani, mwana wa nani. Ikatokea kwamba yeye na baba wa mke wangu ni ukoo mmoja na ni wa kizazi kimoja. Mimi, mtu nisiyejuana na yeyote ng'ambo ya ua, nilifurahi kupita kiasi. Nikasimama nikamwita "Tatabiara!" yaani baba mkwe, kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha mwisho.

Mzee alipoondoka mke wangu aliweka birika chini.

"Sasa umejifunga," akasema.

"Si ni baba yako? Umesema mwenyewe ukoo ni mmoja."

"Ungemwita mzee tu, ingetosha. Umemtangaza mkwe mbele ya watu. Haya, kaa kikwe."

Kukaa kikwe kwetu ni kukaa kwa ensoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Mkwe humpandishii sauti. Humwambii kwamba amekosea. Huingii mahali anapolala ukakiona kitanda chake, na chumba cha kupanga mjini kina kitanda tu na mtu anayekilalia. Kwa neno moja nilikuwa nimejifungia mlango wa jirani. Wakati huo sikuona ubaya. Mbwa walinibwekea, nami nikawarushia mifupa ili tuwe marafiki. Walikula, wakanibwekea tena wakitaka mingine, ila sisi wapangaji waliotuzoea walituacha tupite.

Kisha mama yangu akaletwa kutoka Gesima, amekonda, akikohoa. Hospitalini wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, lakini lazima apigwe sindano kila asubuhi kwa miezi, bila kuruka siku. Daktari alinitazama mimi, msomi wa familia, akarudia: bila kuruka. Akiruka, ugonjwa huzoea dawa, na hapo hakuna atakayeahidi kitu. Ndiyo sababu mama alikaa kwetu. Kutoka Gesima asingeweza kuja na kurudi kila siku. Kutoka chumbani kwangu hospitali ilikuwa mwendo mfupi wa miguu.

Mwendo mfupi, baada ya ngazi.

Siku za kwanza nilimsindikiza, nimeshika mwavuli kama askari. Asubuhi moja yule mwekundu aliushika upindo wa gauni la mama kwa meno. Ningependa kuandika kwamba nilisimama imara. Ukweli ni kwamba niliruka nyuma, nikamgonga mama, naye akateleza ngazi kadhaa kwa makalio. Alinyanyuka mwenyewe. Sindano alipigwa siku hiyo akiwa amekaa upande mmoja.

Kesho yake alisema amechoka kidogo. Siku iliyofuata akasema dawa imeshaingia mwilini, ipumzike. Alikuwa akifika mlangoni, anajifunga leso kichwani, anasikiliza kucha za mbwa zikikwaruza saruji, kisha anarudi kukaa kitandani na kusema jua ni kali. Mbingu ilikuwa na mawingu. Hata chooni hakuteremka tena; mke wangu alimwekea ndoo. Kikohozi kilichokuwa kimeanza kupungua kikarudi, na mimi niliyekuwa upande wa pili wa pazia nilikisikia chote.

"Mwambie afunge mbwa," mke wangu alisema.

"Nitamwambiaje? Ni mkwe wangu."

"Na mimi nimwambieje? Binti akienda kwa baba yake na neno kutoka kwa mumewe, baba husikia kwamba ndoa inavunjika. Kesho utaona wazee wamejaa hapa kutusuluhisha, nao wapite wapi? Juu ya mbwa hao hao."

Nilimwendea mwenye nyumba. Akanijibu kwamba tangu mbwa waje hakuna mwizi aliyepanda, kwa hiyo nishukuru. Niliwaza kuwapiga mawe, lakini kupiga mbwa wa mkwe ni kumpiga mkwe mwenyewe. Mzee naye hata hatukumwona asubuhi. Kila mama alipofungua mlango wetu, wa kwake ulifungwa. Nililiona jambo hilo, nikalitafsiri kwa elimu yangu yote: mzee ana kiburi, hataki hata kutuona.

Wiki ilipita, na ya pili ikaanza. Siku moja nilipanda kutoka dukani kula chakula cha mchana nikamkuta mama anapanga nguo zake kwenye kikapu.

"Narudi nyumbani, tata," akasema. Ndivyo akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, tata, baba.

"Nyumbani hakuna sindano, mama."

"Hapa napo ipo? Mimi naisikia tu ikitajwa." Alikunja gauni lile lenye upindo uliochanika. "Kama ni kukaa na kukohoa, nikohoe nikiyaona majani yangu ya chai."

Nilijua anachokisema. Alikuwa anakwenda kufa kwa adabu. Nikaanza kumweleza habari za ukwe, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Alinisikiliza, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Umesoma wapi wewe? Baba mkwe wangu alikuwa akichunga ng'ombe ndani ya shamba langu la wimbi. Unafikiri nilikwenda kumgombeza? Nilisimama shambani nikamgombeza ng'ombe. Yeye akiwa hapo hapo kwenye ua, anasikia."

"Ikawaje?"

"Ng'ombe alijirekebisha."

Sikungoja kula, kwa kuwa ningekula ningeogopa. Nilitoka koridoni nikasimama mbali kidogo na mlango wa mzee, ambao ulikuwa wazi nusu, nikamgeuzia mgongo kama inavyotakiwa. Mbwa waliinua vichwa. Wapangaji waliokuwa wakipika wakatoa vichwa vyao pia.

"Wewe mwekundu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza. "Sikiliza. Ndani mwangu mna mama yangu. Ana kifua kikuu. Anatakiwa kupigwa sindano kila asubuhi, na siku hizi zote hajapigwa, kwa kuwa hawezi kukupita wewe. Leo anafunga kikapu. Akienda Gesima atakufa. Na wewe mweusi, usitazame pembeni, nakuambia na wewe."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa na mwingine. Ndani ya chumba cha mzee kiti kilisogezwa. Nikatazama ukuta nikijiona mjinga kuliko siku zote.

Kisha sauti ya mzee ikatoka, taratibu.

"Nyinyi mbwa. Muulizeni huyo anayesema, mama huyo ana sindano?"

"Mwambieni tatabiara, ndiyo, anayo."

"Mimi sikuambiwa. Mwambieni kwamba nilijua tu mama wa mkwe wangu amekuja kutembea. Nikisikia mlango wao asubuhi, nafunga wangu, nisije nikakutana naye kwenye kijia chembamba hivi, mtu mzima wa ukweni. Nampisha. Nikasikia anarudi ndani kila siku. Nikadhani bado ananionea haya, nikawa nafunga mapema zaidi."

Mbwa mwekundu alikuwa akipiga mkia sakafuni, amefurahi kuzungumzishwa. Mzee alijifungia ndani kwa heshima akawaacha mbwa nje, mama alijifungia ndani kwa hofu, na mimi katikati nililinda adabu huku pafu la mama likiliwa.

"Mwambieni nimesikia," mzee akasema. "Mwambieni anisamehe."

Akapiga mluzi. Mbwa wakaingia ndani mara moja, hata bila kubweka, na mlango ukafungwa. Hivyo tu. Mluzi mmoja ungetosha tangu mwanzo.

Mama alitoka na leso yake kichwani siku hiyo hiyo, hakungoja asubuhi. Alipofika kwenye mlango wa mzee aliinama kidogo, akasalimia ubao, na ubao ukamwitikia. Hospitalini nesi alimgombeza mama kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, na mama hakumtaja mbwa wala mtu. Alisema alichelewa. Daktari akaagiza aanze upya, sindano zote.

Alizimaliza. Kila asubuhi mluzi ulisikika, mlango ukafungwa, kisha nyayo zake zikateremka polepole, na mimi nyuma yake bila mwavuli. Alirudi Gesima kwa miguu yake mwenyewe, ingawa kwenye mlima wa kwenda kwake alikuwa akisimama mara nyingi. Daktari alisema pafu la kushoto halitakuwa tena kama lilivyokuwa. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya zile siku alizokosa. Akasema hawezi kujua, pengine ndiyo, pengine ugonjwa ulikuwa umeshafika huko.

Nilimuuliza mama pia, mara moja tu, tukiwa tumesimama mlimani ili apumue. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeacha chungu kikaungua.

"Mimi nipo hapa, tata," akasema. "Nibebee kikapu."