Kijana Anayefuta Vitufe

Yule fundi wa programu ya kuagizia chakula hapa mkahawani Mwabungo alitafuna ukucha wa gumba hadi nyama, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama abembelezaye mtoto. Alimpa mhudumu Twaiba simu ajaribu kuagiza wali wa nazi. Twaiba aliipokea kwa hofu, maana tajiri mwenye mkahawa alikwishasema mhudumu asiyeiweza programu hiyo atafute kazi kwingine. Akabonyeza, ikaja juisi.

“Nisamehe, kaka.”

“Umekosa nini, dada? Aliyekosea ni mimi.”

Akatafuna ukucha, akakifuta kile kitufe kilichompotosha Twaiba, akamrudishia simu. Twaiba akakosea tena, na kijana akafurahi kama aliyeletewa zawadi, kwani kila kosa lilimwonyesha kitufe kingine cha kufuta. Twaiba akabaki kidole hewani, asijue kazi yake itapona kwa kupatia au kwa kukosea.