Maksai wa Pili

Kornel alilinda mlango wa kasino moja Dar es Salaam mpaka mvi zikaanza kumtoka, kisha akarudi kwao Izia na vitu viwili vya kujivunia: koti zito la bluu na kanuni moja ya karata. Koti lilichakaa. Kanuni ilibaki mpya kila Jumapili baada ya misa, pale kilabuni watu walipocheza ishirini na moja kwa kushindania vikombe vya pombe ya ulezi.

Ukishika karata mbili zinazofika kumi na moja, aliwafundisha, na mchezeshaji ameonyesha sita, ongeza dau mara mbili. Utapewa karata moja tu, basi. Lakini karata zote za picha huhesabiwa kumi, kwa hiyo ziko nyingi za kukufikisha ishirini na moja. Na mwenye sita ndiye aliye karibu kuizidi na kuanguka. Wenzake walimwita Profesa. Alijua nusu ya jina hilo ni kicheko.

Nyumbani alikuwa na maksai wawili, Diwani na Msafiri. Diwani alimkuza mwenyewe. Msafiri alikuwa wa mkewe, Silvana, aliyepanda milima kutoka Kirando na mizigo ya dagaa msimu baada ya msimu hadi akapata ndama, akamlea kama anavyolelewa mtoto wa mwisho. Wawili hao walifungwa nira pamoja wangali wadogo. Shamba lote la mahindi na ulezi lilikuwa mabegani mwao.

Jumapili moja, mawingu ya kwanza yakijikusanya juu ya uwanda, Teodori mwenye ghala la mahindi alikaa kuchezesha. Alikuwa na madume vijana wasiojua nira, na jicho lake lilikuwa siku nyingi kwa Diwani.

"Profesa," alisema, "unafundisha kila wiki. Mtihani utafanya lini? Maksai kwa maksai."

Kilabu kizima kikacheka. Kornel angeweza kucheka nao. Akaketi.

Akapata tano na sita. Mbele ya Teodori, wazi kabisa, sita ya kopa.

Alitazama zile karata kama mtu anayeona jina lake limeandikwa mahali asipotarajia. Miaka yote mlangoni alikuwa ameona wengine wakipewa saa hii. Akawaza haraka, na aliwaza kama mkulima. Akishinda bila kuongeza, atakuwa na maksai watatu, na watatu hulima sawa na wawili. Akishindwa bila kuongeza, atabaki na mmoja, na mmoja halimi kitu. Msafiri atabaki wa kuchinjwa tu. Akiongeza na kushinda, ni jozi mbili. Kwa hesabu ya nira, kumpoteza na yule wa pili hakukuongeza hasara.

"Mara mbili," alisema. "Na Msafiri."

Akapewa mbili. Kumi na tatu. Teodori akafunua kumi, akawa na kumi na sita, akavuta tena taratibu. Nne. Ishirini.

Jioni ile Teodori akaja kuwachukua wote wawili.

Silvana alimsikiliza amesimama, mkono juu ya kizingiti cha zizi tupu. Kornel alimweleza yote: kumi na moja, sita, karata za picha. Alimwambia kwamba hata kesho angefanya vilevile, kwamba kanuni haikukosea.

"Kwa hiyo ulicheza vizuri, Baba Monika," Silvana alisema.

"Nilicheza vizuri."

"Msafiri ulimwuliza nani?"

Silvana hakungoja jibu. Aliingia ndani, akatoka na jembe la mkono, akakaa kulinoa.

Mvua zikashuka. Kijana wa Teodori alishindwa kuwaongoza wale maksai. Waliposikia sauti ngeni walisimama na kuangalia pembeni. Teodori akatuma ujumbe, wa heshima kabisa, kwamba Profesa aje amsaidie kuwaswaga. Kornel alikwenda, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kazi nyingine ya mwanamume.

Shamba la Teodori lilipakana na la Kornel. Ng'ambo ya mpaka Silvana alikuwa ameinama, akilima peke yake, na tuta lake lilikuwa fupi mno kwa asubuhi nzima. Kornel aliita majina, nao wakaondoka mara moja, wametulia, udongo ukifunguka nyuma yao. Mwisho wa mfuo wa kwanza Msafiri hakugeuka. Alimvuta mwenzake moja kwa moja mpakani, akaelekea kwa Silvana, kama alivyozoea miaka yote.

Silvana aliinua kichwa. Hakumwita Msafiri.

"Mgeuze," Teodori alisema kwa upole kutoka kivulini.

Kornel akainua mjeledi.