Daktari wa Ng'ombe Ajifunza Kuketi

Bega langu la kulia liliharibika Mitaboni, katika zizi la mzee mmoja, mkono wangu ukiwa ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Ndama alikuwa amelala vibaya tumboni. Nilipokuwa nikimgeuza, mamake alijikaza ghafla, akaangukia upande niliosimama, akaenda na mkono wangu. Ndama tulimtoa akiwa hai. Bega halikurudi sawa. Daktari wa mifupa aliitazama picha ya bega, akanitazama mimi, akasema, "Mwenzangu, kazi ya kuvuta ndama waachie wengine."

Nilikuwa nimefanya kazi ya mifugo tangu nitoke chuoni. Sikujua kukaa nyumbani. Nilihamisha makochi, nikayarudisha. Nikapaka lango rangi kwa mkono wa kushoto. Nikang'oa maua ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mumbuni, alivumilia kwa muda, kisha jioni moja akaniambia, "Mama watoto, tafuta kitu cha kufanya kabla hujaezua paa."

Kitu chenyewe kilianzia kwenye hasira ya zamani. Kwa miaka mingi sisi madaktari wa mifugo tulikuwa tukiandika habari za wanyama kwenye programu fulani ya simu, na programu hiyo haikukubali ng'ombe kuzaa pacha. Ukiandika ndama wawili, inakurudisha mwanzo. Nilikuwa nimeitukana programu hiyo katika mazizi mengi. Sasa nikajiuliza ni nani hasa aliyeamua hivyo, na kwa nini mtu huyo asiwe mimi. Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya kutengeneza programu, mjini Machakos, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulisoma mabati yakikatwa chini yetu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa familia ya Kiislamu ya pale mjini, mpole, mwenye adabu nyingi. Mwanzo aliniita daktari. Nikamwomba aache, maana darasani sikuwa daktari wa kitu chochote. Akaanza kuniita mama, na hilo likaniuma zaidi.

Wanafunzi wenzangu walikuwa rika la watoto wangu. Walikaa na laptopu zao asubuhi nzima kama kuku wanaoatamia. Mimi miguu iliniwasha. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikasimama tena. Mwishowe mwalimu alinihamishia kiti karibu na mlango ili nizunguke bila kuwasumbua wengine.

Marafiki walinifariji kwamba kutafuta kosa kwenye programu ni sawa na kutafuta ugonjwa kwenye ng'ombe. Si kweli. Ng'ombe ana harufu, ana joto la masikio, ana macho. Kwenye skrini nilikuwa na mstari mwekundu tu, na mikono yangu haikuwa na cha kushika. Mimi niliyekuwa nikisubiriwa kwenye malango ya watu, sasa nilikuwa nikimuuliza msichana wa kiti cha jirani nukta mkato inakaa wapi. Kuna alasiri niliyofunga laptopu, nikatoka, nikatembea hadi soko la mifugo, nikasimama tu nikiwatazama mbuzi. Kesho yake nilirudi darasani. Sikuwa na mahali pengine pa kurudi.

Siku ya mwisho kila mmoja alitakiwa kuonyesha kazi yake mbele ya wageni waliokuja kutafuta wafanyakazi. Yangu ilikuwa programu ya mkulima: anaandika siku ng'ombe alipopandishwa, naye anaambiwa ndama atazaliwa lini. Na pacha ilikubali. Nilikuwa nikingoja zamu yangu simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa Kola ambaye nilimtibia mifugo miaka mingi.

"Daktari, ng'ombe imezaa jana, saa hii iko chini. Haiamki. Shingo imekunja."

"Mama, mimi niliacha kazi hiyo. Piga kwa yule kijana aliyechukua mahali pangu."

"Yeye ako Yatta. Anasema jioni. Daktari, hii itangoja jioni?"

Nilijua haitangoja. Nilianza kukusanya vitu vyangu. Mwalimu alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Mama, wageni wamekuja kwa sababu yenu. Ngoja kidogo tu."

"Siwezi, mwalimu."

Nilipita nyumbani kuchukua dawa, nikaenda Kola. Njiani moyo ulikuwa mwepesi ajabu, na wepesi huo ulinisumbua. Nilikuwa nakimbilia ng'ombe, au nakimbia wageni? Hata leo siwezi kusema.

Ng'ombe alikuwa amelala, kichwa kimegeukia ubavuni, masikio baridi. Alikuwa amepungukiwa na kalsiamu. Nilimtundikia dripu kwenye mshipa wa shingo, polepole, nikisikiliza moyo. Hiyo haikuhitaji bega. Baada ya muda alitetemeka, akacheua, kisha akainuka kwa magoti, akasimama. Yule mama alinishika mkono.

"Aiya! Na walisema siku hizi wewe ni wa kompyuta."

"Ni kweli."

"Sasa utashika gani, hii ama ile?"

Nilimwambia asimkamue hadi mwisho siku hizo za kwanza, kalsiamu isije ikaisha tena. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Wageni walikuwa wameshaondoka niliporudi. Lakini mwalimu mwenyewe alikuwa amewaonyesha kazi yangu, na baada ya wiki kadhaa mmoja wao akanipigia. Kampuni yao ndogo hutengeneza programu za vyama vya maziwa. Aliniuliza kwa nini niliondoka siku ile. Nikamwambia ng'ombe alikuwa chini. Akacheka, kisha akauliza ningeanza lini.

Sasa nafanyia kazi chumbani, Mumbuni. Wenzangu wako Nairobi, wananisalimu "niaje" kwenye skrini, na mikutanoni wao huketi, mimi ndiye ninayesimama. Mara ya kwanza niliporekebisha kosa peke yangu, nilinyanyuka, nikaenda kwenye bomba la nje, nikakunja mikono ya blauzi na kuanza kunawa hadi kwenye viwiko, kama mtu aliyetoka zizini. Mume wangu alinitazama kutoka mlangoni.

"Unaosha nini?"

Niliitazama mikono. Ilikuwa safi. Nikafunga maji, nikazunguka nyumba mara moja, ndipo nikarudi kuketi.