Drezini na Gunia Chini ya Kitanda

Shemeji yangu alikuja kuchukua drezini kabla maua ya kaburi hayajanyauka. Nasema hivyo bila aibu, na akipata kusoma hapa asome vizuri, hata mara mbili. Tulimzika mume wangu mwisho wa juma, na juma lilipoanza tu kaka yake mkubwa alikuwa amesimama katikati ya reli na buti zake za mvua, anagonga chuma kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio, kama mtu anayechagua sufuria sokoni.

Kwa asiyeijua, drezini ni kigari cha reli chenye injini. Yetu ilikuwa na magurudumu manne ya chuma, jukwaa la mbao, benchi moja, na injini ya pistoni moja inayokohoa moshi mweupe. Wazungu wa zamani waliileta kwenye shamba lao upande wa Katana, ambako reli nyembamba inashuka kutoka mlimani, inapita kwenye kahawa na migomba mpaka gati la ziwa. Wazungu waliondoka, shamba likageuka pori, reli ikabaki mikononi mwa chama cha wakulima. Mimi na mume wangu tuliikuta bandani, kuku wanatagia chini ya benchi. Chama kilimpa mume wangu kwa maneno mafupi: ukiweza kuifufua, ni yako, utubebee mazao.

Yeye aliendesha. Aliyeifufua ni mimi. Nina garaji yangu hapa Bukavu, Kadutu, natengeneza pikipiki na mashine za umeme, na mikono yangu haijawahi kuwa safi tangu niolewe. Lakini kwenye familia ya mume wangu jambo hilo lilikuwa kama kelele za mvua juu ya bati: wote walilisikia, hakuna aliyelijibu.

Basi baraza la familia likakaa kwao, Nyantende, mimi nikiwa chini kwenye mkeka na nguo yangu nyeusi. Shemeji akasimama.

"Ile masini iko ya ndugu yetu," akasema. "Njo kusema iko yetu. Kilio ikiisha, nitaiuzisha kwa batu ya ferayi."

Njo ni ndiyo, na ferayi ni vyuma chakavu. Wanunuzi wanapita na lori, wanapima, wanakatakata, wanavusha ng'ambo ya mpaka. Nilimtazama nikaona anasema kweli. Kile kitu kilichowapeleka kina mama na ndizi zao gatini, kilichomfanya mume wangu apige miluzi toka asubuhi, kingekatwa vipande kama ng'ombe.

Baba mdogo wa mume wangu, ndiye mkubwa wao sasa, alisema hakuna kitakachouzwa kabla ya kumaliza kilio. Drezini iendelee kubeba mizigo, na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuiwasha, niiendeshe mimi. Shemeji hakupenda. Akanielekezea kidole mbele ya wote.

"Sawa. Lakini unisikilize muzuri, shemeji. Kila piese utatoa kwa ile masini, uniletee hapa kwangu. Ata buloni moja ya ndugu yangu isipotee. Na piese ya mupya, mimi sitatoa ata franga. Mwenye ataweka, ataweka yake."

"Bote mumesikia?" akauliza. Wote walisikia. Hata watoto waliokuwa wanachungulia dirishani walisikia.

Msimshangae sana. Huku kwetu ndivyo garaji inavyokwenda: ukibadilisha piese, yaani kipuri, mteja lazima umwekee kile cha zamani mkononi, la sivyo atakwambia umekiuza. Mimi mwenyewe nimerudisha mapulagi yaliyoungua, minyororo iliyokatika, hata buloni, bolti zilizopinda. Shemeji alitaka kunionyesha kwamba mjane wa ndugu yake kwake ni mekanisie tu, fundi wa mashine, tena wa kuchungwa.

Ile siku sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na hasira tupu. Nilirudi nyumbani nikapiga sufuria teke. Kisha masika yakaanza, barabara ikawa tope, na mizigo yote ikahamia kwangu.

Niwaambie jinsi tulivyokuwa tunaondoka, maana naupenda ule mwendo kuliko kitu chochote. Drezini haina ufunguo. Unafungua esansi, ndiyo petroli, unalegeza mkanda unaounganisha injini na magurudumu, kina mama wanasukuma huku wanaimba na kunitania, "Mekanisie, leo itawaka ao tutasukuma mpaka ziwani?" Ikishika kasi unakaza mkanda kwa rungu lake, injini inakohoa mara moja, inagoma, inakohoa tena, halafu pa! Wote wanaruka juu na vikapu vyao, anayechelewa anakimbia na viatu mkononi. Injini yenyewe haijui mbele wala nyuma. Ukiisukuma kuelekea ziwani inakwenda ziwani, ukiisukuma kuelekea mlimani inapanda mlima, kwake ni mamoja. Njiani maharage yanarukaruka kwenye magunia, matone ya migomba yanakupiga usoni, na ziwa linatokea ghafla upande wa kulia. Mimi hapo nashika freni na kumtukana shemeji moyoni, kona baada ya kona. Mlima ule ni mrefu, na matusi hayakuniishia.

Cha kwanza kukatika kilikuwa mkanda. Nilitafuta mwingine mjini, nikaufunga, na ule uliokatika nikaupeleka Nyantende kama nilivyoagizwa. Shemeji aliukunjua, akaukagua pande zote mbili, halafu akavuta gunia kutoka chini ya kitanda chake, akautia ndani, akafunga kamba. Akalirudisha gunia kwa mguu.

Nilipokuwa nashuka kwenda kutafuta gari, wazo likanishika. Nilisimama barabarani nikaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja aliyebeba kuni akaniuliza, "Maman, uko muzima?" Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi tangu nizike.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kama mtu anayejenga nyumba yake. Nataka ieleweke: sikuharibu kitu hata kimoja. Ile drezini ilikuwa mzee kweli, kila mahali palikuwa pamechoka, nami nilikuwa napafunga waya na kuomba Mungu. Sasa niliacha waya. Karbirateri ilikuwa inavuja. Nikaweka ya pikipiki, ya zamani nikapeleka Nyantende. Mbao zilikuwa zimeoza, nikapiga mpya. Magurudumu yalikuwa yameliwa na reli. Chama kikaniruhusu kuchimbua yale ya vitoroli vilivyolala porini, nami nikamtengenezea mlinzi wao redio yake kwa asante. Kila mara nilipiga magoti mlangoni kwa shemeji, nikatoa kitu nilichobeba kwa mikono miwili.

"Hii hapa, shemeji. Ya ndugu yako."

"Njo vile," alikuwa anajibu. "Umeanza kupata heshima."

Heshima! Nilikuwa narudi Bukavu nimeshiba.

Injini ilipopasuka nikampelekea, akafurahi jinsi ilivyo nzito. Nikafunga nyingine, iliyokuwa inasaga mihogo kabla kinu chake hakijafa. Mwisho ikabaki fremu. Rafiki yangu mchomeleaji alinitengenezea mpya kutoka kwenye chasi ya lori, na ile ya zamani shemeji akaja mwenyewe na gari kuichukua, asije mtu akaiiba. Haikuingia chini ya kitanda. Akaiegemeza uani juu ya matofali, na mke wake akaona ni mahali pazuri pa kuanikia mihogo.

Kilichobaki kilikuwa kimoja: mkono wa freni. Ule wa chuma ulikatika tulipoanza, na mume wangu alichonga mwingine kwa mti mgumu, bapa huku chini, mviringo huku juu. Aliushika miaka yote. Kidole gumba chake kilikuwa kimeuchimba mpaka pakawa na shimo dogo laini, na nilipokuwa naendesha, kidole changu kilikaa humo. Haukuwa umechakaa. Niliuacha hadi siku za mwisho kabisa, nikijidanganya kwamba nimesahau. Lakini namjua shemeji: mwachie kitu kimoja cha kushika, atakivuta mpaka apate kigari kizima. Basi nikaung'oa, nikafunga wa chuma. Nililia, sitaficha, nikalia kwa sauti pale pale relini. Kisha nikaupeleka Nyantende nikiwa nimeufunga ndani ya kitenge, akautupa guniani bila kuutazama.

Siku ya kumaliza kilio tulivaa nguo mpya. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, ndugu walikuwepo, na mtu wa ferayi naye alikuwepo, lori lake limesimama barabarani. Shemeji akasafisha koo.

"Leo njo leo. Shemeji, masini ya ndugu yetu iko wapi?"

Nikapiga magoti, mara ya mwisho. "Iko kwako, shemeji."

"Kwangu namna gani?"

"Ulisema kila piese nikuletee. Nilileta zote, ata buloni moja haikupotea. Ziko chini ya kitanda yako, na zingine njo zile bibi yako anaanikia mihogo. Na ulisema mwenye ataweka, ataweka yake. Ile inatembea kwa reli, niliiweka mimi."

Halafu shangazi mmoja akapasuka kicheko, akashika mbavu. Mtu wa ferayi alikwenda uani, akaigonga fremu kwa kifundo, akasema hii inatosha, naichukua. Shemeji alimgeukia baba mdogo. Mzee akamaliza kwanza kasiksi iliyokuwa kwenye kikombe chake.

"Wee mwenyewe ulisema, mutoto yangu. Batu bote tulisikia. Basi yako iko yako, na yake iko yake. Umekubali, bibi?"

"Nimekubali, baba. Vya zamani vyote ni vyake."

Nilicheza ngoma siku ile mpaka kiatu kikakatika. Sikumsamehe, na sikuja kumsamehe. Kila asubuhi drezini inaposhika moto nasema moyoni: sikia hiyo, shemeji.

Juzijuzi walibatiza mjukuu wake, nami nikaenda, maana kutokwenda kungempa raha. Mke wake alikuwa jikoni anasonga bugali ya watu wengi. Nikaingia kumsalimia. Mwiko aliokuwa anasongea ulikuwa mrefu, wa mti mgumu, bapa huku chini, mviringo huku juu. Mtu wa ferayi hachukui mbao. Kidole gumba cha mama yule kilikuwa kimekaa vizuri ndani ya lile shimo dogo.

"Uko muzuri sana ule mwiko," nikamwambia.

"Ee, unashikika! Mwenye aliuchonga alijua mukono ya mutu."

Nilifungua mdomo kumwomba. Nikamwona shemeji mlangoni, amesimama ananitazama, anangoja. Alikuwa anajua. Alikuwa ameungojea mdomo wangu ufunguke tangu siku ile ya kilio.

Vya zamani vyote ni vyake, nilisema kwa mdomo huu huu. Nikaufunga. Nikanawa mikono, nikakaa na wenzangu, nikala ile bugali mpaka sahani ikaisha.