Mtu wa Kuingia Naye Kituturini

Eufrasia wa Katonga, mama yake Jeremia, alipata rafiki akiwa na miaka arobaini na ushee, akamng'ang'ania kama mtu aliyeokota hereni ya dhahabu sokoni. Kabla ya hapo hakuwa na mtu. Sote tunaoanika dagaa pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa, tuliujua ulimi wake. Alikuwa na uwezo wa kukusalimia na kukusema kwa pumzi moja.

Ndipo akaja Veneranda, mjane kutoka Kidahwe, mpole, asiyejua kusoma hata jina lake. Sehemu zao za mchanga wa kuanikia zilipakana, wakawa wanageuziana dagaa na kufukuziana kunguru. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka tisini na tano ulipofika, msimamizi wa kituo alieleza kwamba asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia kituturini na mtu anayemwamini, amsaidie kuweka alama ya vema. Veneranda akamshika mkono Eufrasia. Habari hiyo tulisimuliwa mwaka mzima. Wenzake husifia ndoa zao, yeye alisifia kuingizwa kwenye kile kibanda cha kura.

Baadaye vita vya ng'ambo ya ziwa vikatuletea wakimbizi, na miongoni mwao Merina, mwalimu wa watoto wadogo huko kwao Kongo, aliyefikia kwa mama yake mdogo mtaani Kasingirima. Veneranda akamgawia nusu ya mchanga wake. Eufrasia akaumwa na wivu waziwazi, wala hakujisumbua kuuficha.

Aliwaona wameinama pamoja, Merina anachora mchangani kwa kidole, Veneranda anamwigiza, wanacheka. Yeye akisogea, wanafuta kwa kiganja. "Wananichora mimi," alituambia, na aliamini kabisa. Mvua ya kwanza iliposhuka akakimbia na turubai lake, akafunika dagaa wake na wa Veneranda, wa Merina akawaacha waloe. Veneranda alikwenda kuwaokota pamoja na Merina.

Ukaja uchaguzi wa mwaka elfu mbili. Jambo moja tu lilimkosesha Eufrasia raha: safari hii Veneranda ataingia na nani? Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema mkimbizi hana shughuli kituoni. Hapakuwa na haja, maana Merina mwenyewe alijua kura si yake. Siku ile alimsindikiza tu Veneranda, akakaa juu ya jiwe ng'ambo ya barabara.

Zamu yao ilipofika, karani akamuuliza Veneranda kama ana msaidizi. Eufrasia alikwishanyoosha mkono.

"Naingia mwenyewe," Veneranda akasema.

Akaingia, akachelewa kidogo, akatoka na wino kidoleni. Eufrasia alimsubiri nje. Alitaka kujua kwa nini hakumwomba yeye amfundishe herufi, kwani yeye hajui kusoma?

"Mara ile nilikwambia uniwekee alama kwa yule mwalimu wa kwetu Kidahwe aliyegombea," Veneranda akasema taratibu. "Matokeo walibandika hapa mlangoni, nikaomba nisomewe. Mwalimu wetu alipata sifuri."

Eufrasia hakukana. "Mimi na wewe tulikuwa kitu kimoja. Niliweka pale tulipopataka."

"Ulipopataka wewe, Mama Jeremia."

Tuliokuwa kwenye foleni tukatazama chini. Miaka yote mitano mama wa watu Veneranda alikuwa anajua, na bado alimgeuzia dagaa wake na kumpelekea uji alipougua. Sasa akavuka barabara. Merina akasogea kwenye jiwe, akasema, "Yaya, ikala," kama Wakongo wanavyomwambia dada mkubwa aketi. Wakakaa, Veneranda akamwonyesha kile kidole.

Kesho yake Eufrasia alituacha mwaloni asubuhi, akapanda hadi kituoni. Nilimfuata, kwa umbea wangu. Karatasi ya matokeo ilikuwa imebandikwa mlangoni. Yule mwalimu alikuwa amegombea tena, na mbele ya jina lake palikuwa na kura moja.

Eufrasia akaweka kidole chini ya ile moja.

"Hii ni ya Veneranda," akaniambia. Nikadhani anaanza kujisifu kama zamani. "Angeniomba na yangu, zingekuwa mbili."

Aliombwa moja tu, miaka mitano iliyopita. Sikumwambia, alikuwa ameshaanza kulia.