Jinsi mama mkwe alivyoziba breather ya gari langu la turbo, safari ya Kibakwe

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaopenda vyuma. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Mke wangu alikuwepo, nikidanganya atanisuta.

Nina gari la turbo nalolipenda kupita kiasi. Naishi Nkuhungu, na kwa msioijua Dodoma, huku vumbi ni mwanafamilia.

Tuelewane kwanza. Kwenye kila injini kuna moshi kidogo unaopenya ringi za pistoni na kushuka kwenye oil. Lazima utoke. Kiwandani huwa wanaurudisha kwenye intake, njia ya hewa ya kuingia injini, kwa bomba la mpira ili uchomwe tena. Ukiongeza boost, yaani presha ya turbo, moshi unakuwa mwingi, unabeba oil na kuipaka turbo na intercooler inayopoza hewa. Gari linatoa moshi wa bluu mpaka majirani wanakuuliza kama unachoma mahindi.

Dawa ni catch can. Ni kopo la alumini, moshi unaingia, oil inabaki chini.

Mimi na Fundi Yona wa Miyuji tukatengeneza la kwetu. Ndani tukaweka steel wire ya kusugulia sufuria ili inase oil. Juu tukafunga breather, yaani kichujio kidogo cha kutolea moshi hewani. Upande wa intake tukauziba.

Gari likawa tamu jamani!

Kipindi hicho mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Kibakwe kumwona mjukuu. Kwa mila za kwao, mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Akiwa na neno na mimi anampa binti yake, hata kama nimekaa palepale: "Mwambie baba Neema chai tayari." Na mimi namjibu kupitia kwa mke wangu. Nampenda sana yule mama, ila tulikuwa tunapendana kwa mzunguko.

Siku ya kumrudisha, asubuhi nilifungua boneti, nikakagua maji na oil, nikaingia kuoga. Yeye alikuwa anafagia uwanja. Nilipotoka nikashusha boneti bila kuangalia, tukaondoka.

Tulipoanza kupanda milima ya Kibakwe nikasikia harufu ya oil. Mara moshi mzito ukatoka kwenye boneti. Nikasimama, nikafungua boneti.

Dipstick, kile kijiti cha kupimia oil, ilikuwa imerushwa nje, oil imetapakaa mpaka kwenye exhaust.

Halafu nikaiona catch can. Juu ya breather kuna nailoni, juu ya nailoni kitambaa cha kitenge, na vyote vimekazwa kwa mpira wa tyubu. Fundo safi kabisa.

Wenyeji mnaujua mfuniko huo. Ndivyo ndoo ya mafuta ya alizeti inavyofunikwa huku. Mama alikuwa anafagia, akaona kopo la mafuta liko wazi na vumbi linaruka, akalifunika kama ambavyo angefunika la kwake. Moshi ukakosa pa kutokea, presha ikapanda ndani ya injini, ikasukuma dipstick.

Hasira ilinipanda, sikatai. Haikudumu. Nilivua ule mfuniko haraka nikautia mfukoni. Injini inanunuliwa nyingine. Lakini mama angejua ni mkono wake, kwa ninavyomjua, asingekanyaga tena kwangu.

Nikatangaza kwa sauti, "Ni dipstick tu imeruka!"

Mama akashuka. Akaja mpaka kwenye injini, akachungulia.

"Mwambie baba Neema..." akaanza, kisha akaona kopo halina tena mfuniko aliouweka.

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, nimeliua gari lako?"

Wakuu, machozi yalinilenga. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Hujaliua mama. Lilikosa pumzi tu. Kosa ni langu, sikukuonyesha."

Basi nikamwonyesha, mpira mmoja mmoja, moshi unapita wapi na oil inabaki wapi. Akafuatisha kwa kidole. Na wakati namweleza nikaona jinsi breather yenyewe ilivyojaa vumbi. Mama alikosea mfuniko, ila hofu yake ilikuwa ya kweli.

Gari lilipopoa tukaongeza oil, tukapanda taratibu, tukafika.

Nilichojifunza: mikoa ya vumbi achana na breather ya wazi. Sasa hivi moshi ukitoka kwenye catch can unarudi intake, kabla ya turbo, kwa mpira mnene usioliwa na oil. Mfumo umefungwa wote. Mpira unaokwenda manifold, mabomba ya hewa baada ya turbo, una check valve, valvu ya njia moja, ili boost isirudi ndani ya injini. Compression, presha ya ndani ya silinda, nimepima, iko vizuri. Seal moja ya oil ilivuja, nimebadilisha.

Na lingine: ukibuni kitu kwenye gari, waonyeshe na watu wa nyumbani.

Karibuni mnikosoe. Wenye breather za wazi Singida na Shinyanga, mnazisafishaje?

Nitachelewa kidogo kujibu. Mama amepiga simu ya mke wangu, na anasema anataka kuongea na mimi.